"Mama, sisi tulikuwa upande gani?"

SWALI

Shikamoo Bi Rukia. Mwezi uliopita mwanangu alipelekwa Ngomeni, hii Fort Jesus yetu ya Mombasa, na shule yake. Aliyewatembeza akawaambia kwamba Waomani walipoizingira Ngome, Wafaza walikuwa ndani pamoja na Mreno. Sisi ni Wafaza, asili yetu ni mji wa Faza huko Lamu. Tangu siku hiyo wenzake humwita msaliti, na juzi amenijia jikoni akaniuliza, "Mama, sisi tulikuwa upande gani?" Nikakosa la kumjibu. Babake asema tuyaache, hayo ni ya kale. Lakini mtoto hayaachi. Nimwambieje?

Mama Yusra, Kibokoni

JIBU

Marahaba, mwanangu. Usiyaache. Mtoto anayeuliza hivyo ataka kujua yeye ni nani, na akikosa jibu kwako atalipokea kwa hao wanaomcheka.

Kabla sijastaafu nilitembeza wageni Ngomeni kwa miaka 19, na kisa hiki ndicho nilichokuwa nikikisimulia polepole kuliko vyote. Mweke chini umhadithie.

Machi 1696 majeshi ya Imamu Seif bin Sultan wa Omani yalishuka hapa Mombasa. Wenyeji wengi waliwapokea, maana dhuluma za Mreno zilikuwa zimewafika kooni. Ndani ya Ngome walijifungia Wareno wachache mno, hawakuzidi mia, pamoja na mamia ya watu wa pwani, waume kwa wake. Ngome ilitekwa Desemba 1698. Hesabu mwenyewe: miezi 33.

Sasa Wafaza waliingiaje humo? Mwaka 1587 Wareno waliivamia Faza, wakamuua mfalme wake, wakakata minazi ya watu kwa maelfu, na kichwa cha mfalme wakakipeleka Goa, makao yao makuu huko Bara Hindi. Wajukuu wa watu waliotendwa hayo ndio walioingia kuilinda ngome ya Mreno! Lakini kati ya mambo hayo mawili ilipita miaka zaidi ya 100, na hasimu wa karibu wa Faza alikuwa Pate, jirani wa kisiwa kimoja. Pate ilikuwa upande wa Omani. Kwa nionavyo mimi, Wafaza hawakuingia kwa mapenzi ya Ureno. Waliingia kwa sababu ya jirani.

Huko kuingia tu. Yaliyofuata ndiyo makubwa. Mwaka 1697 maradhi yaliingia Ngomeni, na Wareno wakafa mmoja baada ya mmoja. Mwishoni mwa Agosti alikufa kapteni wao, hata hapakusalia Mreno wa kutoa amri. Aliyeishika Ngome ni Bwana Daud bin Sheikh wa Faza, yeye na jamaa zake 17, wanaume Waafrika 8 na wanawake Waafrika 50. Watu 76, mwanangu, katika boma lile unalolijua ukubwa wake. Wakalishika mpaka Septemba zilipokuja meli za Wareno.

Wanawake hao 50 wamenikosesha usingizi miaka mingi. Askari wa Kireno waliacha michoro yao ukutani, meli na samaki na watu, na mpaka leo imehifadhiwa kwenye makumbusho mle ndani. Wale wanawake tumeachiwa hesabu yao tu. Nadhani wengi wao waliingia Ngomeni kama watumwa na watumishi, watu wa kuteka maji na kutwanga. Mabwana wakafa. Kuta zikabaki, na wao ndio walio wengi. Usiku ule mmoja wao angeulizwa, "We nani?" angejibu nini? Mtumwa wa fulani, na fulani amezikwa juzi? Kila nilipofika penye birika la maji nilisimama kidogo kwa ajili yao, hata kama wageni walikuwa na haraka.

Siku moja nilimtembeza mzee kutoka Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia huko Ulaya. Nilipomaliza kisa hiki alikaa chini, hakutaka kuendelea. Mji wao ulizingirwa kuanzia Aprili 1992 hadi Februari 1996, mizinga ya majeshi ya Waserbia wa Bosnia ikiwapiga kutoka milimani. Aliniambia kabla ya vita yeye alijiandikisha kuwa Myugoslavia, kama walivyofanya wengi. Nchi ikavunjika, jina likafa. Septemba 1993, mji ungali umezingirwa, Waislamu wa Bosnia walikutana humo wakakubaliana waitwe Wabosniaki. Lakini yeye alisema alipokuwa akitamka "sisi" katika miaka ile alikusudia watu wa ngazi moja ya jumba lao, waliokuwa wakipokezana madumu ya maji na kupikia jiko moja, Mserbia, Mkroati na Mwislamu.

Akanitajia Jenerali Jovan Divjak, Mserbia mzaliwa wa Belgrade, aliyekuwa naibu kamanda wa jeshi lililoulinda mji ule. Waserbia wengi walimwita msaliti. Wenyeji wa Sarajevo walimwita wetu, na baada ya vita alisaidia kusomesha watoto waliofiwa na wazazi. Sitaki umdanganye mtoto kwamba kuzingirwa huwafanya watu wote ndugu. Sarajevo hiyohiyo kulikuwa na raia Waserbia waliouawa na watu wa ndani ya mji wakatupwa shimoni mahali paitwapo Kazani. Shida humfunga mtu kwa anayeshiriki naye maji, na pia humtia hofu ya jina la jirani yake.

Haya, mrudishe mwanao Mombasa. Mwaka 1728 wenyeji haohao waliompokea Muomani waliwageuka askari wake, na Mreno akarudi. Mwaka uliofuata wakamfukuza tena. Basi kila ukoo wa kale mjini hapa una babu aliyewahi kuwa upande usiosemwa. Na umuulize mumeo, kama anazijua Taifa zetu, yaani makundi ya kale ya Waswahili wa Mombasa: Tisa Taifa ni nani na nani? Atakutajia Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, na humo humo Wapate na Wafaza. Waliokuwa nje ya ukuta na waliokuwa ndani, wote Tisa Taifa, wameoana hata mtu hawezi tena kuwatenganisha. Huenda kati ya hao wanaomcheka mwanao yuko Mpate ambaye nyanyake ni Mfaza. Mwambie aulizie.

Jumapili mpeleke Ngomeni wewe mwenyewe, asubuhi kabla ya jua kali. Muanze kwenye birika, kisha mpande juu ya buruji inayotazama bahari. Mhesabie: mmoja, 17, wanane, 50. Na mpe muda wa kuwafikiria hao 50 kabla hamjashuka.

Bi Rukia