Mzee asiachiwe jioni ndefu peke yake

Kuna watu wanaishi miaka yao yote ya kazi bila ulevi, halafu wanaanza kunywa uzeeni. Katika kikundi chetu cha kutembelea wazee tumewaona, na ukiuliza taratibu utasikia yale yale: amestaafu, amefiwa na mwenza, magoti hayamwachi, usingizi umemkimbia.

Mwili nao si ule. Umri ukisogea, maji mwilini hupungua na ini huchelewa kuisafisha pombe, hivyo kiasi alichokimudu akiwa na miaka 40 humlemea akiwa na 70. Pombe ikikutana na diazepam (dawa ya kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi) au tramadol (dawa kali ya maumivu), pumzi inaweza kufifia hadi mtu afe. Dalili ndizo zinazotuponyoka: anaanguka, anasahau, hali chakula vizuri, hajijali. Wanasema, "Ni uzee tu." Jibu hilo silikubali mpaka mtu amekaa na mzee faraghani, akamuuliza kwa heshima anatumia nini, na saa ngapi.

Mama mmoja alitutolea dawa zake zote kwenye kikapu. Ndani yake kulikuwa na vidonge vya presha, vya maumivu, na paketi mbili za dawa ya usingizi kutoka kwa madaktari wawili. Majina kwenye maboksi yalitofautiana, dawa ndani ni ile ile, na yeye alikuwa akimeza zote mbili kila usiku. Mfamasia alipozitazama aligundua papo hapo, akampeleka kwa daktari. Tangu hapo kila mzee tunayemtembelea tunamwomba atoe dawa zote, hata za mitishamba, twende nazo. Zilizobaki zirudishwe kwa mfamasia, zisikae kwenye droo ambayo wajukuu wanaifungua.

Ila jamani, msimnyang'anye chupa ghafla. Aliyekunywa kila siku kwa muda mrefu akikatishwa mara moja anaweza kutetemeka, kuona visivyokuwepo, hata kupata degedege na kufa. Diazepam ni hivyo hivyo. Zinapunguzwa kidogo kidogo chini ya mtaalamu wa afya.

Umoja wa Mataifa umeitenga miaka ya 2021 hadi 2030 kwa ajili ya kuzeeka kwa afya, na moja ya mambo unayohimiza ni jamii kuukuza uwezo wa wazee. Kwetu sisi maana yake ni kazi. Semina za kuwaonya tumeziona. Wanapiga makofi, wanarudi kwenye nyumba tupu. Anayebadilika ni yule anayesubiriwa: anashika daftari la michango, anawasomesha watoto, anaongoza matembezi ya asubuhi. Na anayetegemewa asubuhi ana sababu ya kulala mapema.

Kama hamna kikundi, watu watatu wanatosha. Gawaneni zamu za kumpigia simu au kupita kwake jua linapozama, maana hapo ndipo chupa hufunguliwa. Mkienda, msianze na pombe. Muulizeni amelalaje, amekula nini, na kesho anaweza kuwasaidia kazi gani.