Mnaoanza maabara ya nyuki, kazi inaharibikia mzingani

Wadogo zangu mnaoingia maabara ya nyuki mwaka huu, najua hamu yenu yote iko kwenye mashine ya PCR (ile ya kunakili DNA), hata mimi nilikuwa hivyohivyo, ila nawaambia ukweli, kazi ya kutafuta vimelea inaharibikia mzingani kabla hujawasha hadubini. Safari yangu ya kwanza Tabora nilirudi na chupa 14 za nyuki kwenye spiriti, nimeziandika kwa maka peni, moja ikavuja njiani na ile spiriti ikafuta maandishi karibu yote. Siku tatu za porini zikapotea na wafugaji wanasubiri majibu, iliniuma sana. Tangu hapo naandika kwa penseli kwenye kikaratasi nakitumbukiza ndani ya chupa pamoja na nyuki, penseli haifutwi na spiriti.

Halafu unachukua nyuki gani? Nosema, kimelea kidogo cha nyuki kisichoonekana kwa macho, inakaa kwenye utumbo wa kati, na nyuki akitoka tu kwenye chumba chake cha sega anakuwa hana, anaipata kwa kula na kusafisha uchafu wenye spora (mbegu za hicho kimelea), kwa hiyo wenye mzigo ni wale wakubwa wanaokwenda malishoni. Ziba mlango wa mzinga dakika chache, wanaorudi watajikusanya hapo, kamata hao. Usichote wadogo wa kwenye majana (watoto wa nyuki ndani ya sega) wala usiokote waliooza chini. Na chukua 60 jamani! Kama wagonjwa ni 5 kwa kila 100, ukichukua 60 una nafasi ya asilimia 95 kumpata angalau mmoja, ila ukichukua 10 tu, mara 6 kati ya 10 utamkosa kabisa af utaandika mzinga ni mzima.

Ukiwa na nyuki wabichi kadhaa, kabla ya kusaga shika kwa kibano pingili ya mwisho yenye mwiba uvute taratibu, utumbo wote unatoka. Wa mzima ni kahawia hivi na una mikunjo inaonekana vizuri, wa mgonjwa wa nosema mara nyingi ni mweupe, umevimba, mikunjo imepotea. Hiyo ni dalili tu, jibu bado.

Sasa kata matumbo ya nyuki, ile sehemu yote ya nyuma ya mwili, saga kwenye kinu na maji, mililita 1 kwa kila nyuki, chuja, tone moja kwenye slaidi, angalia kwa ukuzaji wa mara 400. Spora za nosema ni kama punje za mchele zilizonenepa, kingo nyeusi, katikati zinang'aa, na karibu zote ni saizi moja. Hiyo saizi moja ndo ishikeni sana, maana hamira nazo zipo humo, ila hamira zinatofautiana ukubwa na nyingine zimebeba kichipukizi ubavuni, chavua yenyewe ni kubwa mno. Mi niliwahi kuhesabu hamira nusu siku nikidhani ni spora.

Kuhesabu tumia chemba ya Neubauer, kile kioo chenye miraba ya kuhesabia, miraba 25 ya katikati, zidisha kwa 10,000 unapata spora kwa nyuki mmoja. Ukihesabu 120 maana yake ni 1,200,000. Angalia hapo lakini, spora moja uliyoiona ni 10,000, yani mzinga unaweza kuwa na maambukizi madogo na chemba ikakuonyesha sifuri, kwa hiyo usimwandikie mfugaji "hakuna nosema", andika "haikuonekana".

PCR inakuja hapa, kwa sababu aina mbili za nosema, apis na ceranae, huwezi kuzitenganisha kwa macho. Kwa praima nyingi zinazotumika (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kunakili) bendi ya apis, yani ule mstari wa DNA kwenye jeli, inakaa kwenye jozi 321 za besi, ya ceranae karibu 218, na kila mara weka kisima kimoja cha maji matupu bila sampuli, kikitoa bendi rudia kazi yote. (Tangu 2020 wengine wanaandika Vairimorpha badala ya Nosema, ni kimelea kilekile.) Inafaa kujua ipi ni ipi, utafiti wa Kenya uliotoka 2014 ulikuta nosema apis pwani tu wakati varoa (utitiri wa nyuki) ilikuwa karibu nchi nzima isipokuwa kaskazini ya mbali.

Varoa nayo ni rahisi ila ina mtego wake. Hapa unataka nyuki wa kwenye majana, kama 300, nusu kikombe hivi, hakikisha malkia hayumo, tikisa kwenye spiriti dakika moja, chuja, hesabu utitiri. Ukipata 9 ni 3 kwa kila nyuki 100. Suuza tena mara ya pili, ukiona bado wanatoka ujue mtikiso wa kwanza haukutosha. Na wengi wao wamejificha kwenye vyumba vilivyozibwa ambako spiriti haifiki, kwa hiyo kabla hujafunga mzinga fungua vyumba kadhaa vya madume, mvute jana kwa kibano, mgeuze kwenye mwanga, utawaona wekundu wa kahawia juu ya mwili mweupe.