Kabla hujalipia almasi "safi kabisa", shika lenzi

Nilipoanza kutafuta pete ya uchumba, kitu pekee nilichokijua kuhusu almasi ni karati, kipimo cha uzito wake. Muuzaji wa duka la kwanza akanionyesha jiwe, akatamka "VVS1", daraja la usafi wa jiwe, kwa heshima zote, kama anayetaja jina la mkuu wa nchi. Nikaitikia kwa kichwa. Sikuelewa chochote, lakini ukishakaa kwenye kiti kile cha velveti unaona aibu kuuliza.

Nikajikaza, nikaomba aniwekee pembeni jiwe la bei ya chini, la ukubwa uleule. Akaleta la VS2. Nikayatazama yote mawili mpaka macho yakaanza kutoa machozi, sikuona tofauti. Nikamwomba anionyeshe doa la VS2. Akachukua lenzi, akaligeuza jiwe, akaligeuza tena, akavua miwani, akavaa. Alilipata, lakini baada ya muda mrefu kidogo. Pale pale nikajiuliza: kama mwenye mali anahangaika na lenzi mkononi, mimi nalipia tofauti hii ili nani aione?

Almasi hutengenezeka chini sana ardhini, kina cha kilomita 150 na zaidi, kwenye joto na mgandamizo mkubwa. Huko haikui peke yake. Hunasa vipande vya madini mengine, hupata nyufa, wakati mwingine almasi ndogo hubaki ndani ya kubwa. Kwa hiyo doa si ishara ya jiwe bovu, ni alama ya lilikotoka. Tatizo ni kwamba zamani kila muuzaji alikuwa na maneno yake ya kusifia usafi. Mwaka 1953 GIA, taasisi ya vito ya Marekani, ikatoa vipimo ambavyo leo vinatumika karibu kila mahali. Madaraja ni 11: FL (halina doa ndani wala nje), IF (ndani safi, nje lina mikwaruzo midogo), VVS1 na VVS2 (doa dogo mno), VS1 na VS2 (doa dogo), SI1 na SI2 (doa linaloonekana vizuri kwa lenzi), halafu I1, I2 na I3, ambako doa liko wazi.

Jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi kwa sauti ni hili: daraja hutolewa kwa kulitazama jiwe likiwa limekuzwa mara 10, na anayetazama ni mtu aliyefunzwa kazi hiyo. Doa la VVS ni gumu kuonekana hata kwake. Sasa mchumba wako hatatembea na lenzi. Kwa jiwe la mviringo la karati moja hivi, VS2 kwa kawaida huwa safi kabisa kwa macho matupu, na SI1 nyingi pia. SI2 ni bahati nasibu, lazima uione mwenyewe.

Mviringo nimeutaja kwa makusudi. Mchongo wa mviringo una pande nyingi ndogo zinazovunja mwanga vipande vipande, na doa hupotea humo. Mchongo wa mstatili wenye ngazi, ule wanaouita emeraldi, ni kama dirisha: unaona mpaka chini. Ukiupenda huo, panda daraja moja au mawili.

Niliporudi na akili mpya, duka jingine likaniwekea mawe mawili, yote SI1, uzito karibu sawa. Hapa ndipo nilipojifunza zaidi kuliko kwenye mambo yote niliyosoma. La kwanza lilikuwa na kipande cheusi cha madini katikati kabisa, chini ya ule uso wa juu ulio bapa. Kilikuwa kidogo kuliko chembe ya pilipili manga, lakini ukishakiona huwezi tena kutokukiona. La pili lilikuwa na punje nyeusi ndogo pembezoni na ufa mweupe kama unyoya karibu nayo. Bila lenzi sikuona kitu. Herufi kwenye vyeti, zile karatasi zinazotaja daraja la kila jiwe, ni zilezile, mawe ni mbingu na ardhi. Kinachoangaliwa si ukubwa wa doa tu: idadi, mahali lilipo, aina yake, na jinsi rangi yake inavyojitokeza, vyote huhesabiwa. Mwishoni huandikwa daraja moja, na wewe unabaki hujui kama doa lako liko uchi katikati au limejificha pembeni.

Kwa hiyo soma cheti chote. Kile kirefu huwa na mchoro wa jiwe, wenye alama nyekundu kwa madoa ya ndani na kijani kwa ya nje. Aina fupi ya cheti haina mchoro. Soma pia sehemu ya maoni, ile ya maandishi madogo. Kuna jiwe lilinivutia sana dukani, chini ya zile taa kali za dari, linawaka kama moto. Nikaomba nilipeleke dirishani. Likapoa. Likawa na ukungu, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Kumbe maoni ya cheti yalisema daraja limetokana na mawingu ambayo hayakuchorwa kwenye mchoro. Wingu ni punje nyingi ndogondogo zilizojazana, na likienea linafifisha jiwe zima. Si kila jiwe lenye maoni hayo ni baya, lakini ukiyakuta usilipe kabla hujalitazama kwenye mwanga wa kawaida wa mchana.

Lenzi nayo ina adabu yake. Mimi nilianza kwa kuishika mbali kama mpelelezi wa kwenye filamu, sonara akacheka. Ilete mpaka iguse nyusi, acha macho yote mawili wazi, halafu jiwe ndilo lisogezwe mpaka lionekane sawasawa. Tuliza mkono mmoja juu ya mwingine. Kabla ya hapo omba jiwe lipanguswe, kwa sababu nusu saa nzima nilichunguza "doa" ambalo lilikuwa vumbi.

Uliza pia, na jibu liandikwe kwenye risiti: jiwe limefanyiwa chochote kuboresha usafi wake? Kuna mawe yanayotobolewa kwa leza ili doa jeusi lipaushwe, na mengine nyufa zake hujazwa kitu kinachofanana na kioo. Hilo la pili ndilo la kuogopa. Moto wa sonara unaweza kuharibu kile kilichojazwa, na ukienda kurekebisha pete unarudi na ufa. GIA hawatoi daraja kwa mawe yaliyojazwa. Ukiligeuza taratibu chini ya lenzi ukaona rangi ya chungwa au buluu ikimulika ghafla ndani ya ufa, rudisha jiwe mezani.

Na ufa wowote unaofika ukingoni mwa jiwe, muulize sonara kabla halijapachikwa. Almasi ni ngumu kukwaruza, lakini ikigongwa vibaya hupasuka.

Nilichukua lile SI1 la pili. Sonara akalitazama kwanza, akaridhika kuwa unyoya ule haufiki ukingoni, akapanga mojawapo ya vikucha vinavyoshika jiwe vipite juu ya ile punje nyeusi, kiasi cha kubaki ncha tu. Pesa iliyobaki niliiweka kwenye mchongo bora zaidi, maana mng'ao unatokana na mchongo, na huo kila mtu anauona kutoka upande wa pili wa meza.

Mchumba wangu, ambaye sasa ni mke wangu, nilimwambia habari ya doa siku ya pili yake. Akataka kuliona. Juzi tulipeleka pete ikapanuliwe, na tulipokabidhiwa akatoa lenzi kwenye mkoba mbele ya fundi, akainama, akatafuta kando ya kikucha cha tatu. "Lipo," akasema. "Ni letu."