Gari Limejampiwa, Likawaka, Kisha Umeme Wote Ukakata

Gari likizima baada ya kujampiwa, yaani kuwashwa kwa waya kutoka betri ya gari jingine, usianze na umri wa betri. Anza na namna lilivyozima, na lilikaa muda gani kabla ya kuzima. Hayo mawili yatakufikisha kwenye tatizo haraka kuliko kubadilisha vifaa kwa kubahatisha, na hapa Mombasa wa kukwambia "nunua betri, bosi" hawakosekani.

Hali niliyokutana nayo zaidi ni hii: gari limewaka vizuri, waya zimetolewa, unalizima kidogo tu ufunge boneti, ukirudi kwenye swichi hamna kitu. Si taa za dashibodi, si honi, si mlio wowote. Betri iliyoisha chaji kwa kawaida haifi hivyo. Huacha taa hafifu, au stata, ile mota ya kuwashia injini, ikalia tak-tak-tak. Giza la ghafla mara nyingi ni umeme uliokatika njiani, na pa kwanza pa kutazama ni kwenye tamino za betri, vile vishikio vya waya vinavyokumbatia vichwa vyake.

Sisi wa pwani chumvi tunaivuta hewani, na magari yetu vivyo hivyo. Injini ikiwa imezimwa, shika tamino kwa mkono ujaribu kuizungusha. Ikicheza hata kidogo, umempata mchawi wako. Isipocheza, ifungue vilevile kwa spana namba kumi, ya hasi kwanza, kisha ya chanya, utazame ndani. Kwa nje inaweza kung'aa, lakini pale inapokumbatia kichwa cha betri utakuta utando wa kijivu, au unga mweupe wenye ukijani. Utando huo hupitisha umeme mdogo wa redio na taa ya ndani. Stata ikivuta umeme mwingi, pale panapata moto na mgusano unakufa. Halafu vile vibanio vya waya za kujampu vimeshaitikisa tamino iliyokuwa imeshikilia kwa kudra ya Mungu. Safisha kwa maji ya moto yenye soda ya kuokea, sugua kwa brashi ya waya au msasa mpaka uone chuma, kausha, kaza, kisha pakaa grisi juu. Ufuate na waya mweusi wa athi, ule wa upande wa hasi, mpaka unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini. Bolti zake hushika kutu na hakuna anayezikumbuka.

Tamino safi na bado giza? Tazama fyuzi kuu. Mtu akigeuza waya, nyekundu kwenye hasi, hiyo ndiyo hukatika, na diodi za altaneta, ile mashine inayochaji betri injini ikizunguka, zinaweza kwenda nayo. Kwenye Toyota nyingi fyuzi hiyo iko katika kisanduku cha chini ya boneti, imeandikwa ALT au MAIN. Nyingi zimefungwa kwa bolti, kwa hiyo usiing'oe kwa koleo, na usikubali kuungiwa kipande cha waya mahali pake. Gari huungua hivyo.

Kuna na habari ya matrela. Ukikwama Jomvu au Miritini, atakayesimama kukusaidia huenda akawa dereva wa trela, na wengi wao ni watu wa msaada kweli. Lakini trela hutumia volti 24, betri mbili za volti 12 zilizofungwa kwa mfuatano. Kuziungia Probox yako ni kuchoma vifaa. Mshukuru, umngoje mwenye gari dogo.

Hali ya pili ni gari linalokubali kwenda, kisha linakata roho polepole. Umetoka Kongowea, juu ya daraja la Nyali taa zimefifia na waipa zimekuwa nzito, ukifika Buxton injini imezima. Hilo halichaji. Nunua mita ya volti, ya bei rahisi yatosha. Betri nzima iliyopumzika husoma kama 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Injini ikinguruma inatakiwa kuwa kati ya 13.8 na 14.5. Isipofika 13, tazama mkanda kwanza, kisha brashi za ndani ya altaneta na regyuleta yake, kidhibiti cha volti, kabla ya kuambiwa ununue altaneta nzima.

Wako mafundi wanaopima kwa kuchomoa tamino injini ikiwa inawaka. Mimi nikimkuta mmoja humwambia tu, "Fundi wangu, tafadhali tumia mita." Ukichomoa hivyo volti hupanda ghafla, na zinaweza kuchoma diodi au kompyuta ya gari.

Betri yenyewe huja mwisho. Ina vyumba sita, kila kimoja kama volti 2.1. Ukiichaji usiku kucha, ukaiacha ipumzike, na bado inasoma karibu na 10.5, chumba kimoja kimekufa na hakuna dawa. Joto letu huzimaliza mapema, na wanaoongeza maji ya kisima badala ya maji ya betri huharakisha mazishi.

Ukienda kununua, beba ile ya zamani. Betri za magari ya Kijapani zina vichwa vyembamba na vinene, na chanya yaweza kuwa kulia au kushoto. Ukiuziwa ya upande usio wako waya hazitafika, na hapo ndipo mtu huanza kuzivuta na kuzigeuza.