Barua kwa mwanangu: habari ya Gopi Talav

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma kwanza kimyakimya, kisha kwa sauti ili baba yako naye asikie. Unasema harusi ya Jamnagar ikiisha mtabakiwa na siku moja ya Dwarka, mji wa Krishna huko Gujarat, India, gari la kukodi, na mume anayetaka kulala. Unauliza kama Gopi Talav panafaa kusimamisha gari, maana picha ulizoziona ni za kidimbwi cha maji ya kijani, ngazi, ng'ombe, na vibanda vya kuuza udongo.

Nitakujibu. Lakini mtaanzia wapi? Vijana mkifika Dwarka mnakimbilia hekaluni kuipiga picha ile bendera yenye jua na mwezi, halafu mnatafuta chai. Anzeni mtoni. Teremkeni Gomti kabla jua halijapanda, hata kama ni kulowesha miguu tu, kisha mpande zile ngazi 56 mwingie hekaluni kwa mungu Krishna nguo zikiwa bado zinachuruzika. Nimelisema maisha yangu yote na leo sitaacha: hekalu hujengwa, maji huja yenyewe. Hilo hekalu la ghorofa tano unaloliona kwenye kalenda ya jikoni kwetu, Sultani Mahmud Begada alilibomoa katika karne ya 15, likaja kujengwa tena. Gomti haikuhitaji fundi wala mchango.

Baba yako ananikumbusha kutoka kitini pake kwamba Gomti pale mwisho ni maji ya bahari, yanajaa na kupwa. Nimezaliwa Mombasa, kujaa na kupwa sihitaji kufundishwa.

Hekalu la Rukmini, mke wa Krishna, pia mfike, ni kilomita mbili hivi nje ya mji. Yeye hakai na mumewe, na sababu ni maji. Ba, bibi yenu mzaa baba, alikuwa akiwasimulia: Krishna na Rukmini walikuwa wakilivuta gari la mtawa Durvasa, Rukmini akashikwa na kiu, Krishna akaibonyeza ardhi kwa kidole cha mguu, maji ya mto Ganga yakatoka, naye akanywa kabla ya kumkaribisha mgeni. Durvasa akawaapiza watengane, na nchi ile maji yake yawe ya chumvi. Ndiyo maana sadaka ya pale ni maji ya kunywa. Toeni. Mtu aliyekulia maji ya mkokoteni haelezwi zaidi.

Sasa kisiwa cha Bet. Siku hizi kuna daraja, Sudarshan Setu, lililofunguliwa Februari 2024, mtavuka na gari lenu bila hata kushuka. Sisi mwaka 1987 tulipanda boti kutoka bandari ya Okha, tumesongamana na magunia, boti imelala upande. Mimi nilikuwa bi harusi bado, upindo wa sari umefika puani. Ba akaninong'oneza kwa Kiswahili, watu wasielewe: "Huyu mzee leo atatuzamisha." Yule mshika usukani, Mwislamu mwenye ndevu nyeupe, akajibu bila kugeuza shingo: "Hatuzami, mama. Jahazi nimelifikisha Bandari ya Kale Mombasa, hapa Okha patanishinda nini?"

Laiti ungemwona Ba! Mwanamke aliyekuwa akitugombeza tukicheka mezani alicheka mpaka akashika ubavu. Njia nzima wakaongea wao wawili, bei ya vigae, nani alikuwa na duka wapi, nani kafa, mpaka baba yako mkubwa akaanza kukohoa. Nilikaa pale chini ya sari yangu nikacheka nao, na hakuna aliyeniona. Mkivuka kwa daraja mtaokoa muda, sikatai.

Ndipo Ba akamuuliza yule mzee habari za Gopi Talav. Akasema, "Mwaka huu maji hakuna, mama. Udongo upo."

Mvua zilikuwa zimeikimbia Saurashtra, upande ule wote wa Gujarat, mwaka baada ya mwaka. Mwaka mmoja kabla yake mji wa Rajkot ulikuwa ikiletewa maji kwa treni. Ba hakuwa na shida na hilo. Yeye alifuata udongo. Unamkumbuka asubuhi alivyokuwa akisugua kile kijiti cha manjano kiganjani, na tone moja la maji, kisha akijichora paji la uso? Hiyo gopi chandan asili yake ni pale kidimbwini. Wale gopi, wasichana wa Vrindavan alikokulia Krishna, walimfuata hadi huko, wakajitoa roho zao, miili ikawa udongo. Kijiti cha Ba alipewa na mama yake siku aliyopanda meli kuja kuolewa, na wakati ule kilikuwa kimebaki kama ukucha. Alitaka achimbe mwenyewe, kwa mkono wake.

Ukitoka Okha kurudi Dwarka, Gopi Talav huja kabla ya Nageshwar, hekalu la mungu Shiva. Dereva akapunguza mwendo bila kuambiwa. Baba yako mkubwa, aliyekaa mbele, akasema, "Endesha, endesha. Ni tope tu." Gari likaenda.

Nageshwar tukasimama, ndiyo. Tena tukakaa vizuri, kwa sababu Jyotirlinga, yale mahekalu makuu ya Shiva, ni 12 na baba yako mkubwa alikuwa akizihesabu. Hapo ndipo panaponichoma mpaka leo. Kidimbwi hakimo katika hesabu, kwa hiyo kidimbwi si kitu. Ba garini alisema, "Nilitaka kuchimba kidogo," akalisemea dirishani, asiligeuze kwa mtu. Mimi mke mpya wa mdogo mtu, ningefungua mdomo kumjibu shemeji mbele ya mama yake? Baba yako alikuwa na gazeti. Huyo hapa anasoma gazeti hata sasa.

Jioni sokoni Dwarka baba yako mkubwa akamnunulia pakiti ya gopi chandan, vijiti vizuri vya kufinyangwa, vimefungwa kwa uzi. Ba akaipokea kwa mikono miwili na kumbariki. Ndiyo ile pakiti ya kabati la chuma, uliyotaka kuichorea sakafu ukala kofi, ukalia siku nzima bila kujua kosa lako. Hakuifungua. Alisugua kile cha zamani mpaka kikawa hakishikiki kwa vidole, halafu akaanza kutumia sandali ya dukani, na katika nyumba nzima hakuna aliyethubutu kuuliza.

Najua utamtetea, wewe na baba yako mkubwa mnapendana. Nami namtetea wakati mwingine, nikiwa peke yangu jikoni. Nauli zetu sote alilipa yeye. Tope kweli lilikuwa tope. Na hayo maji yangu yanayokuja yenyewe, mbona mwaka ule hayakuja? Mbona sasa Saurashtra inaletewa maji ya mto Narmada kwa mabomba, na mainjinia, na fedha za serikali? Basi maji nayo hujengwa, nikubali yaishe. Nikifika hapo nashindwa kukubali. Yasipokuja, watu walikwenda vilevile wakainama juu ya shimo kavu, na Ba alitaka kuwa mmoja wao. Hekalu likifungwa mlango unarudi nyumbani. Maji huja yenyewe, na yakichelewa hungojewa. Baba yako mkubwa alisema kweli kwamba ni tope, ile "tu" yake ndiyo imenikaa kooni.

Kwa hiyo sikuambii usimame. Wewe ni mtu mzima, mumeo ana usingizi, na maji ya kijani ni ya kijani, sitayapaka rangi nyingine. Kama mkisimama, bebeni pesa ndogondogo, vueni viatu kabla ya ngazi, usikubali mtu akushike mkono kukuombea dua kabla hajakutajia bei. Udongo usiuguse kabla ya kuomba ruhusa kwa wenyeji. Vijiti vya vibandani ni vilevile vya sokoni Dwarka, ukitaka nunua, usitake usinunue. Mimi sihitaji kuletewa. Nimesema sihitaji.

Kuhusu baba yako mkubwa pia sisemi kitu. Jumapili alikuja kwa chai, nikamwambia safari yako, akasema daraja limeua raha ya boti. Aliniambia mimi hivyo! Nikamwongezea chai. Lakini ukimpigia simu kuaga, na lazima umpigie, ni mkubwa wako, muulize kwa adabu siku ile alikuwa akiwahi treni ya saa ngapi. Maana mimi nakumbuka tulikaa stesheni ya Dwarka tukila karanga mpaka giza likaingia.

Mama yako