Kwa mnaoanza kliniki ya kisukari cha watoto: msiishie kwenye kongosho

Swali mtakaloulizwa mapema kuliko yote ni hili: "Daktari, mtoto ameutoa wapi? Kwetu hakuna mwenye kisukari." Mama akisema hivyo, baba anageuza uso, au kinyume chake. Jibu la ovyo hapo linaweza kuvunja nyumba, kwa hiyo jiandaeni nalo.

Wengi wanaougua kisukari aina ya kwanza hawana mzazi wala ndugu mwenye ugonjwa huo. Kinachorithiwa ni wepesi wa kupatwa. Pacha wa kufanana wana vinasaba vilevile, lakini mmoja anaweza kuugua na mwenzake akakaa miaka mingi mzima. Kwa watu wenye asili ya Ulaya, waliochunguzwa zaidi, ndugu wa mgonjwa ana uwezekano wa kama asilimia 6. Asiye na mgonjwa katika familia, chini ya asilimia 1. Na wepesi huo unaweza kutoka pande zote mbili, kwa hiyo mwambieni baba hivyo, mama akiwa anasikia. Soda na pipi mziondoe kwenye kesi kabisa.

Sasa, kwa nini nawasumbua na tezi ya shingo, yaani thairoidi? Kwa sababu kinga ya mwili iliyokosea ikashambulia kongosho, ndicho kisukari aina ya kwanza, ina tabia ya kukosea na kwingine. Deborah Doniach na wenzake huko London walikuta kingamwili dhidi ya tezi hiyo kwa wagonjwa wa Hashimoto, yaani tezi ya shingo inayoshambuliwa na kinga, mwaka 1956. Mwaka 1974 mama huyohuyo, pamoja na Bottazzo, alishiriki kugundua kingamwili dhidi ya visiwa vya kongosho, yaani vikundi vya seli ambamo insulini hutengenezwa, tena kwa wagonjwa wa kisukari ambao kinga ilikuwa imeshambulia na tezi nyingine.

Sehemu ya maelezo iko kwenye jeni za HLA, kromosomu ya 6. Hizi hutengeneza molekuli zinazozionyesha seli T, askari wa kinga, vipande vya protini. Aina ya HLA iitwayo DR3 huongeza hatari ya kisukari hiki na ya maradhi ya tezi pia. DR4 inahusika zaidi na kisukari, na mwenye zote mbili yuko kwenye hatari kubwa zaidi. Jeni ya CTLA4, kromosomu ya 2, ni breki ya seli T. Ikilegea, viungo vyote viwili vinaweza kuumia. Inayonivutia mimi ni jeni ya insulini yenyewe: vibadala vyake vingine huifanya tezi ya thaimasi, iliyo kifuani na ndiyo shule ya seli T, itengeneze insulini kidogo, na seli T ambazo zingefundishwa kuivumilia, au kuondolewa, zinapita.

Msibebe takwimu za Ulaya kama zilivyo. Kibadala cha PTPN22, jeni nyingine ya kinga, kinachotajwa katika kila kitabu ni adimu sana kwa Waafrika, na kuna aina ya DR3 ya Kiafrika, DRB1*03:02, ambayo haiongezi hatari bali huelekea kukinga. Ndiyo maana siombi kipimo cha jeni kwa ajili ya kuamua matibabu.

Ninachoomba ni TSH, homoni inayoiamrisha tezi ya shingo, na kingamwili za TPO, zinazoilenga tezi hiyo, baada ya sukari kutulia, kwa kuwa mtoto aliyelazwa na asidi mwilini anaweza kuwa na majibu ya kupotosha. Kisha rudia kila baada ya miaka miwili, au mapema mkiona dalili. Tezi ikilegea, sukari hushuka mara kwa mara bila sababu na urefu hausongi. Ikichachamaa, mtoto anakonda na sukari inapanda, na ninyi mnaongeza insulini tu. Kingamwili zikiwepo huku TSH ni ya kawaida, fuatilieni; dawa bado.

Kabla ya kuandika thairoksini, homoni ya tezi ya shingo inayotolewa kama dawa, angalieni fizi na mistari ya viganja. Kama imekuwa myeusi kuliko zamani, mtoto anapenda chumvi na mahitaji ya insulini yanapungua, pimeni kotisoli, homoni ya tezi zilizo juu ya figo, kwanza. Tezi hizo zikiwa zimeshambuliwa pia, thairoksini peke yake inaweza kumwangusha.