Lifti ya kudandia

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: ni mashine gani ya zamani kwenye jengo la umma ambayo ukiwasimulia vijana wa leo hawatakuamini? Najua wengi watataja taipureta, au simu ile ya kuzungusha namba kwa kidole. Mimi nataja lifti. Lifti isiyo na mlango, isiyo na vitufe vya ghorofa, na isiyosimama hata mara moja tangu asubuhi inapowashwa mpaka jioni inapozimwa. Ukitaka kupanda, unadandia. Ukitaka kushuka, unatoka ikiwa inakwenda.

Wajukuu zangu niliwaeleza wakacheka, wakasema babu anatunga. Basi hapa nitaieleza kwa kituo, maana mimi ni msanifu majengo mstaafu na lifti nimezichora nyingi, ila ya namna hii sijawahi kuombwa kuichora, wala leo hakuna atakayeniruhusu.

Chukulia mashimo mawili marefu, ubavu kwa ubavu, kutoka chini ya jengo mpaka karibu na paa. Ndani yake kuna vibanda vilivyo wazi upande wa mbele, kila kimoja kinatosha watu wawili wakisimama, na vyote vimeshikwa na minyororo isiyo na mwanzo wala mwisho. Shimo moja vinapanda, shimo la pili vinashuka. Kibanda kikifika juu kabisa kinahamia upande wa pili na kuanza kuteremka. Kikifika chini kinahamia tena na kuanza kupanda. Wazungu wakaipa jina la paternosta, yaani “Baba Yetu” kwa Kilatini, kwa sababu vibanda vinafuatana kwenye mnyororo kama punje za rozari mkononi mwa Mkatoliki. Sisi watu wa Tanga tungeiita tasbihi na maana isingepotea.

Mimi niliikuta Sheffield, Uingereza, miaka ya themanini. Nilitoka Chuo cha Ardhi, Dar es Salaam, nikaenda kusoma zaidi, na idara ya usanifu majengo ilikuwa ghorofa za juu za Arts Tower, mnara wa chuo kikuu uliofunguliwa mwaka 1966. Ni jengo lililovikwa kioo, mita 78 kwenda juu, limenyooka kama kiberiti kilichosimamishwa wima. Mbele yake awali palikuwa na bwawa na chemchemi za maji, na watu waliingia kwa daraja pana juu yake. Upepo ukawa unapiga ukuta wa mnara, unateremka na kuwarushia maji wapita njia, hata bwawa likakaushwa na kufunikwa. Hili nalitaja kwa sababu linanifurahisha kitaaluma: kumbe hata wakubwa wa Ulaya walisahau kuuliza upepo unatoka wapi.

Paternosta ya mnara ule ina vibanda 38. Ukikijaza kila kimoja, ni watu 76 walioko njiani kwa wakati mmoja, nusu wanapanda, nusu wanashuka. Kando yake zipo lifti za kawaida zenye milango. Mgeni siku ya kwanza humwona tu: anasimama ukumbini, anatazama vibanda vinavyopita, anasogeza mguu, anaurudisha, anajifanya kama aliyesahau kitu, kisha anakwenda kusubiri lifti ya kawaida.

Mimi sikusita. Mtu aliyelelewa na mabasi ya UDA ya Dar saa ya kutoka kazini, ambako ukisubiri basi lisimame vizuri utalala kituoni, lifti ya mwendo ule haimtishi. Paternosta inakwenda kama sentimita 30 hivi kwa sekunde. Unangoja sakafu ya kibanda iwe karibu kusawazika na sakafu uliyosimama, unaingia kwa hatua moja ya kawaida, unashika kishikio cha pembeni. Kosa ni kuruka. Kosa kubwa zaidi ni kubadili mawazo katikati. Wenzangu wa Kiingereza, waliofundishwa tangu utoto kupanga foleni na kusubiri zamu, ndio niliowaona wakihangaika. Mwenzangu mmoja kutoka Lagos yeye aliingia huku anakula tufaha.

Kwa mwendo huo, fanya hesabu mwenyewe: kutoka chini mpaka juu ya mnara ni dakika nne na ushei. Kwa hiyo hakuna mwenye akili aliyeipanda kwa ajili ya haraka. Mtu wa kutoka chini kabisa kwenda juu kabisa alichukua lifti ya kawaida. Faida ya paternosta ilikuwa kwa wa ghorofa mbili tatu, na hasa ile dakika ya kubadilisha vipindi, wanafunzi wote wanapotoka madarasani kwa pamoja. Penye lifti ya kawaida panakuwa na kundi limesimama linatazama taa za namba. Penye paternosta hapana kundi. Kibanda kinapita, wawili wanaingia. Sekunde kadhaa baadaye kinapita kingine, wawili wengine. Hakuna anayebonyeza kitufe mara tano kana kwamba lifti ina masikio. Katika kazi yangu ya miaka yote nimesikia malalamiko ya kila aina kuhusu majengo, na la kungoja lifti linazidi hata la joto. Waliobuni kitu hiki walilielewa mapema.

Halafu kulikuwa na starehe ya kutazama. Ukisimama kwenye ghorofa ya katikati, upande wa kupanda watu wanakutokea kuanzia utosini: nywele, paji la uso, miwani, shingo. Upande wa kushuka wanakutokea kuanzia viatu. Baada ya muda mfupi nilikuwa nawajua walimu kwa viatu vyao. Kulikuwa na mzee mmoja wa viatu vya kahawia vilivyoshonwa upya kisigino. Vikijitokeza tu juu ya mlango, wanafunzi waliochelewesha michoro walijua wageukie ukutani. Na mazungumzo yalikuwa ya aina yake. Unaongea na mtu aliyesimama ukumbini huku wewe unapanda, sauti inakatika ukipita dari, na jibu unalipata kwa aliye ghorofa ya pili yake, ambaye alisikia swali na ana maoni.

Kila mgeni alikuwa na swali moja ambalo aliona haya kuuliza: usiposhuka ghorofa ya mwisho, je? Uvumi ulikuwa kwamba kibanda kinapinduka kichwa chini miguu juu. Kulikuwa na tangazo la kutukataza kuzunguka juu, na kama mnavyojua, tangazo la namna hiyo kwa wanafunzi ni mwaliko. Nilizunguka. Ghorofa ya mwisho ikapita miguuni, mwanga ukapungua, ukuta mbele yangu ukawa matofali matupu yasiyopigwa lipu. Kukawa na harufu ya grisi na mngurumo wa magurudumu makubwa. Kisha kibanda, badala ya kuendelea juu, kikaanza kusogea kando, polepole, kwa mtikisiko mdogo, kikiwa kimesimama wima vilevile. Nikauona mnyororo wenyewe, kila pingili nene kuliko mkono wangu, unameta mafuta. Halafu tukaanza kushuka.

Siri yake ni nzuri kuliko uvumi. Minyororo ni miwili, na kibanda kimeshikwa kimshazari: mnyororo mmoja umekamata pembe ya mbele upande huu, mwingine pembe ya nyuma upande ule. Magurudumu ya juu nayo hayakupangwa mstari mmoja. Minyororo inapozunguka, kibanda hakina namna ya kupinduka. Kinabebwa tu, kama sinia juu ya viganja viwili, kutoka shimo la kupandia kwenda la kushukia. Nilipokuwa mwalimu wa muda niliwachorea wanafunzi jambo hili ubaoni, na kila mwaka alikuwapo mmoja aliyeng'ang'ania kwamba haiwezekani.

Kuhusu asili yake, sifa huwaendea Wajerumani lakini ya kwanza ni ya Liverpool. Msanifu Peter Ellis alipata hataza yake mwaka 1866, na ikafungwa katika jengo lake la Oriel Chambers miaka miwili baadaye. Wajerumani wao waliipenda kuliko mtu yeyote. Hamburg ilipata ya kwanza mwaka 1886 katika jengo la ofisi la Dovenhof, lililosanifiwa na Martin Haller, na tangu hapo wafanyabiashara wa bandari ile wakawa hawajengi ofisi bila paternosta. Jina la Haller lina mahali kwetu pia, japo kwa mbali: ndiye aliyesanifu Afrikahaus, makao ya ukoo wa Woermann, wenye meli, ambao waliendesha pia ile Deutsche Ost-Afrika-Linie, kampuni ya meli zilizotia nanga Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar enzi za Mjerumani. Mlango wa jengo lile umewekewa sanamu ya askari Mwafrika, na ndani kuna ndovu. Mkonge na pembe za huku zilihesabiwa kwenye mitaa ile, na makarani waliozihesabu walikuwa wakipanda na kushuka kwa tasbihi.

Sisi wenyewe hatukuwahi kuwa nayo, kwa ninavyofahamu. Sifa yetu ni Beit el-Ajaib, Zanzibar, lililojengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash, ambalo wazee walilihesabu ajabu kwa umeme wake na kwa lifti yake. Ile ilikuwa lifti ya kawaida. Sehemu ya jengo lile iliporomoka Desemba 2020, na hiyo ni habari nyingine ambayo sitaki kuianza, maana sitamaliza.

Sasa nije kwenye ubaya wake, kwa kuwa wasimulizi wengi wa mambo ya kale hurukia utamu tu. Mashine hii inaua. Mwaka 2012 mzee wa miaka 81 alifariki katika paternosta mjini The Hague, Uholanzi. Zipo hadhari: vipande vya sakafu vyenye bawaba ukingoni, vinavyoinuka mguu ukibanwa, na kitufe chekundu cha kusimamisha kila kitu. Lakini hadhari kubwa ni akili ya abiria, nayo kuna siku haipo. Ujerumani Magharibi ilipiga marufuku kujenga mpya mwaka 1974. Zilizobaki ziliachwa zizunguke. Mwaka 1994 wakubwa walipotaka kuzifunga kabisa, watu wa Munich waliunda chama cha kuziokoa, na wakashinda. Mwaka 2015 ikaja kanuni nyingine: zipandwe na wafanyakazi waliopewa mafunzo tu. Kwenye jumba la halmashauri ya jiji la Stuttgart wananchi wakaambiwa watumie ngazi. Watu wakakejeli kwamba sasa kutakuwa na leseni ya kupanda lifti, kelele zikawa nyingi, na wizara ikalegeza masharti muda si mrefu.

Mimi niko upande wa waliopiga kelele, lakini si moja kwa moja. Kuna kijana tuliyesoma naye aliyetembea kwa magongo. Wakati sisi tunadandia na kucheka, yeye alikuwa upande wa pili wa ukumbi, anasubiri mlango ufunguke. Hakulalamika hata siku moja, na hakuna aliyemuuliza. Paternosta haimtaki mwenye kiti cha magurudumu, haimtaki mama mjamzito aliyeelemewa, wala mzee wa magoti, wala aliyebeba mzigo. Sisi wachoraji tulikatazwa kuingia na ubao wa kuchorea, na ilikuwa haki: ubao ukichomoza nje kidogo tu, dari ya ghorofa inayofuata inaufyeka. Jengo la umma likiwa na lifti hii peke yake, si la umma. Kwa sababu hiyo siombi zijengwe tena. Ninachoomba ni zile chache zilizopo ziachwe zifanye kazi, ilimradi lifti ya kawaida iko jirani. Leicester walikuwa nayo kwenye mnara wa chuo kikuu chao, ikasimamishwa mwaka 2017. Kuiona imezimwa, vibanda vimekwama nusu juu nusu chini ya sakafu, ni afadhali usiione.

Rafiki yangu wa kazini alinibishia kwamba ingetufaa Kariakoo, kwenye yale maghorofa ambayo watu wanapigania lifti moja. Nilimwambia afikirie mambo matatu: kanzu, buibui, na mtu aliyebeba robota la khanga kichwani. Akanyamaza. Halafu akaongeza mwenyewe: na umeme.

Mwenye mtoto anayesoma Ulaya amwambie akaipande wakati bado zipo. Sheffield ipo, kwenye mnara uleule. Prague iko katika jumba la Lucerna, Frankfurt iko katika jengo la zamani la IG Farben, kampuni ya kemikali ya Kijerumani, ambalo sasa ni chuo kikuu, na Hamburg haijaacha. Aingie kwa hatua moja bila kuruka, ashike kishikio, atoke kabla sakafu haijampita kimo cha ngazi moja. Akikosea ghorofa, asijaribu kuokoa. Ashuke inayofuata arudi kwa miguu. Begi lenye magurudumu alipeleke kwa lifti yenye mlango.